Mdudu Kama Mhusika: Kuitazama Upya Filamu ya Phase IV

Mara ya kwanza nilipoitazama Phase IV (awamu ya nne, ila si ile ya siasa zetu) niliizima katikati. Kisha nikasimama kwenye semina, kifua mbele, nikasema hadithi za wanyama wenye akili ni mambo ya watoto, na kwamba mdudu hawezi kuwa mhusika kamili: atakuwa bapa tu, au binadamu aliyevikwa ngozi. Wenzangu wakaandika. Juzi nimeirudia hadi mwisho, na leo sina budi kula matapishi yangu.

Filamu hii ya 1974 ndiyo pekee ndefu aliyoiongoza Saul Bass, Mmarekani anayejulikana zaidi kwa kubuni maandishi ya mwanzo ya filamu kama Vertigo na Psycho. Kisa chenyewe ni kifupi. Tukio la angani linawapa sisimizi wa jangwa la Arizona akili ya pamoja. Makundi yaliyokuwa yakiuana yanaungana. Wanasayansi wawili wanajifungia ndani ya kuba ili kuwachunguza. Hubbs anataka kuwashinda. Lesko, mtu wa hesabu, anataka kuzungumza nao.

Sasa hebu tuiangalie sehemu ya sumu. Watu wanamwaga sumu ya manjano, sisimizi wanakufa ovyo. Mmoja anashika kipande cha sumu hiyo hiyo, anakiburuta kwenda chini. Anakufa njiani. Mwingine anapokea, naye anakufa. Mwingine tena, mpaka kipande kinamfikia malkia. Malkia anakila, anataga, na kizazi kinachofuata kina rangi ya manjano na sumu haikiwezi. Halisemwi neno hata moja. Ni wadudu wa kweli, waliopigwa picha kwa karibu mno na Ken Middleham, na mimi niliyekuja kucheka nilikuwa roho mkononi.

Mhusika ni nani hapo? Ukimtaja sisimizi mmoja, keshakufa. Vigezo vyetu vya bapa na duara vinadai mtu mmoja, mwenye jina, anayekua kadiri kisa kinavyosonga. Hapa kinachokua ni kundi. Sungura na Fisi wa ngano zetu ni sisi wenyewe: wanasema, wanalaghai, wana uroho. Sisimizi wa Bass hawatuigi hata kidogo, na ndiyo maana wanatisha.

Nisionekane nimelewa sifa. Kendra, msichana anayekimbilia kwenye kuba, hakupewa kazi ya maana. Jamani, usawiri wake unazidiwa na wa wadudu! Mwisho nao ulikatwa na studio ya Paramount. Ule mrefu wa kindotondoto alioutaka Bass ulikuja kuonyeshwa Los Angeles mwaka 2012. Katika nakala ya kawaida Lesko na Kendra wanabaki wamesimama, wakingoja kuambiwa wanatakiwa kwa kazi gani.

Tena hiyo Arizona ya nje ya kuba ilipigwa picha Kenya. Basi anayedhani kisa hiki kimetiwa chumvi amuulize yeyote kwetu aliyewahi kuamshwa na siafu usiku wa manane akawaachia nyumba.

Na walioandika maneno yangu siku ile ya semina, tafadhali wayapige mstari.