San Yuan Li na kamera zetu ndogo: ni nani anayesikika?



Ukurasa huu umezoea vitabu, na mara moja moja tamthilia na taarabu. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuzungumzie filamu moja pamoja na chombo kilichoipiga, kwa kuwa filamu yenyewe inahusu mtaa ambao wengi wetu tumeukanyaga: Sanyuanli, jijini Guangzhou. Filamu inaitwa San Yuan Li. Ilitoka mwaka 2003, ikaoneshwa mwaka huohuo Venice, katika yale maonesho makubwa ya sanaa ya Biennale. Waongozaji ni Ou Ning na Cao Fei, na waliopiga picha ni wenzao wa kikundi cha U-thèque, kama watu kumi na wawili hivi, wakiwa na kamera ndogo za video za mkononi. Inachukua takriban dakika 45. Haina rangi, haina msimulizi, haina mahojiano. Ni picha na muziki wa kielektroniki, basi.

Tumeitazama mara kadhaa sasa, na kila mara tunainuka na furaha na kinyongo kwa pamoja. Furaha ni ya fundi anayeona chombo kidogo kikifanya kazi kubwa. Kinyongo ni cha mtu aliyewahi kulala katika mtaa ule.

Kwa wale wanaoijua Sanyuanli kwa soko lake la mabegi na ngozi tu, ni vyema tukumbushane kidogo. Kilikuwa kijiji cha wakulima nje ya jiji. Mwezi Mei 1841, katika vita vya kwanza vya kasumba, wanakijiji walipambana na askari wa Kiingereza, na kila mtoto wa Kichina husoma habari hiyo shuleni. Jiji lilipovimba, kuanzia miaka ya 1980, mashamba yalimezwa lakini viwanja vya nyumba vikabaki mikononi mwa wenyeji. Nao hawakulala. Walijenga kwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa, wakapangisha watu waliomiminika kutoka mikoani. Majengo yakasogeana mpaka Wachina wenyewe huyaita majengo ya kupeana mikono: aliye dirisha hili anaweza kumsalimia jirani wa jengo la pili kwa kumshika mkono. Baadaye wakaja wafanyabiashara wa Kiafrika. Wanaijeria walijaa upande wa barabara ya Guangyuan Magharibi na soko la Canaan, na watu wetu wakawa wanapita kati ya hapo na Xiaobei, mfukoni wana orodha za mizigo ya Kariakoo, Kamukunji na Kikuubo.

Filamu inatuingiza jijini kwa maji, kwa Mto wa Lulu, kisha inatuzamisha ndani ya kijiji. Hapo kasi inapanda. Vichochoro, nyaya za umeme zilizosongamana kama mizizi, mapaa, watu wakiwa kazini, na ile mbingu nyembamba inayoonekana kati ya kuta mbili kama ufa. Vipande ni vifupi mno na vinakatwa kwa mapigo ya muziki. Aliyewahi kuona filamu ya Dziga Vertov ya mwaka 1929, ile ya mtu na kamera yake, atatambua ukoo. Kuelekea mwisho kasi inatulia, na wakazi wanasimama mbele ya kamera, mmoja mmoja au kwa makundi, wakituangalia sisi tunaowaangalia. Kwetu, hapo ndipo filamu inapofika kilele chake, na tutapaeleza zaidi baada ya kuzungumzia mashine.

Wahakiki wengi hulieleza suala la weusi na weupe kama uamuzi wa kisanaa. Sawa. Lakini yeyote aliyewahi kumiliki kamkoda ndogo anajua kuna jambo jingine. Kamera hizi zina kihisi mwanga kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Juani zinapendeza; gizani zinatoa chengachenga. Na vichochoro vya Sanyuanli ni giza saa sita mchana. Juu unapata mwanga wa mbingu wenye ubuluu, dukani taa ya neli yenye ukijani, jikoni balbu yenye umanjano, vyote katika picha moja. Kamera ya nyumbani hujaribu kusawazisha rangi yenyewe, ikashindwa, na nyuso za watu zikawa kama za wagonjwa. Sasa chukua watu kumi na wawili, kila mmoja na kamera yake, halafu jaribu kuunganisha kazi zao katika filamu moja ya rangi. Kwa kuondoa rangi waongozaji wameondoa tatizo zima, na zile chengachenga zimegeuka kuwa kama punje za filamu ya zamani. Hatudai kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sababu yao. Tunasema kwamba, sababu iwe yoyote, chombo na mtindo vimefaana, na kazi nzuri mara nyingi hupatikana hivyo.

Mwaka huohuo wa 2003 makampuni manne ya Japani yalitangaza mfumo wa HDV, na katika miaka michache kamera za nyumbani za ubora wa juu zikawa zinaenea kiganjani. Sisi tulinunua yetu Guangzhou mwaka 2007. Ilitumia kanda zilezile ndogo za dakika 60, lakini picha iliyokuwa na mistari 576 sasa ikawa na 1080. Ununuzi wenyewe ulihitaji akili. Kamera zilizotengenezewa soko la Japani zilikuwa za bei nafuu, ila menyu zake ni za Kijapani kitupu na mfumo wake ni wa picha 30 kwa sekunde, siyo 25 za kwetu na za Wachina. Ukiipeleka chini ya taa za neli zinazotumia umeme wa mizunguko 50, picha inapepesa kama mtu mwenye vumbi jichoni. Tuliwaona wenzetu wengi wakiondoka na furaha ya bei, wakalia walipofika nyumbani na kuiunganisha kwenye televisheni.

Na tulipiga nini? Hapa ndipo kinyongo chetu kinapoanzia. Katika kanda zetu za Sanyuanli hakuna hata dakika moja iliyokatwa vizuri kama San Yuan Li. Kuna dakika tisa za mtu akihesabu maboksi. Kuna dakika nne za kifuniko cha lensi, kwa sababu mpigaji alidhani amezima. Kuna mabishano ya bei kwa kalkuleta, muuzaji anabonyeza, mnunuzi anafuta na kubonyeza yake, muuzaji anacheka kwa uchungu. Lakini jambo moja linasikika kote, tena kwa nguvu kuliko mengine yote: sauti ya anayepiga.

Hili lina maelezo ya kiufundi. Maikrofoni ya kamera ndogo iko shubiri moja tu kutoka mdomo wa mwenye kamera, na ndani mna mtambo unaopandisha sauti wenyewe pakiwa kimya. Matokeo yake kamera inamsikia bwana wake kwanza, dunia baadaye. Wataalamu wa filamu huona huo ni ulemavu, hivyo hununua maikrofoni ya pembeni au, kama walivyofanya waongozaji wetu, hufunika kila kitu kwa muziki. Sisi tunaona ndiyo zawadi ya chombo hiki. Kanda ya nyumbani ina msemaji na ina msemwaji. "Mama, hiki ndicho chumba. Usione kidogo, dirisha lipo, ila ukifungua unaona ukuta. Huyu ndiye mwenye nyumba, mpungie mkono. Shemeji, yale mabegi uliyoagiza ni haya hapa, mekundu yamekwisha." Mtu huyu hapigi picha ya Sanyuanli kwa ajili ya Sanyuanli. Anamwonesha mtu mmoja aliye Tanga au Kisumu, na kwa kuwa anamjua anayemwonesha, anajua cha kueleza na cha kuficha. (Kufichwa kupo. Hatujaona kanda hata moja inayoonesha foleni ya viza.)

Ukirudi kwenye San Yuan Li ukiwa na sauti hizo masikioni, kimya chake kinakuwa kizito. Hatusemi filamu imewadharau wakazi. Ile sehemu ya watu kusimama mbele ya kamera inakanusha hilo kabisa. Mle kamera imeacha kuwinda. Imesimama, imengoja, na mtu amepewa nafasi ya kurekebisha kola na kuamua atabasamu au la. Ni heshima ya studio ya picha ya mtaani, ambayo kila mmoja wetu anaikumbuka. Lakini hata hapo hakuna anayefungua mdomo. Mwenye nyumba haelezi kodi imefika ngapi. Mpangaji kutoka Hunan au Sichuan haelezi kaja kutafuta nini. Mgeni akitazama anatoka na mdundo, na mdundo ni mzuri, ila hajui hata jina la mtu mmoja. Filamu ilitengenezwa kuoneshwa Venice, na inaonekana: ni barua isiyo na jina la anayeandikiwa.

Kuna filamu nyingine ya jiji hilohilo tunayoipendekeza itazamwe baada ya hii. Ni Disorder ya Huang Weikai, ya mwaka 2009, dakika 58. Yeye hakupiga hata kidogo kilichomo. Alikusanya kama saa 1,000 za kanda za wapigapicha wasio wataalamu waliozunguka mitaani, akachambua, akashona. Nguruwe wanazagaa katika barabara kuu, polisi wanavutana na raia, mabomba yanapasuka. Nayo ameifanya kuwa nyeusi na nyeupe, labda kwa sababu ile ile tuliyoitaja. Lakini mle watu wanagomba, wanabembeleza, wanadanganya kwa sauti zao. Kwa maoni yetu ndiyo filamu iliyo bora kati ya hizo mbili, ijapokuwa San Yuan Li ndiyo iliyo nzuri zaidi kwa macho. Ama ile Guangzhou Dream Factory ya Christiane Badgley na Erica Marcus, ya mwaka 2017, hiyo ina Waafrika wenyewe wakizungumza kwa kirefu, na ni kazi ya haki. Ila mtu anayejieleza kwa mgeni aliyekuja na maswali hazungumzi kama anayemwambia shemeji yake kwamba mabegi mekundu yamekwisha.

Msomaji anaweza kuuliza kama haya si mambo ya wenye nafasi, wapenda sinema. Hapana. Tarehe 15 Julai 2009 Waafrika walikusanyika mbele ya kituo cha polisi pale Guangyuan Magharibi baada ya Mnaijeria mmoja kuanguka kutoka dirishani akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Na Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli, wakalala nje. Safari hiyo ya pili hakuna aliyehitaji kamkoda. Simu zilitosha, na video zikaenea hadi mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya malalamiko. Zitazameni tena zile video mkiweza. Picha zenyewe zinatikisika, ni za usiku, mtu angeweza kudai ni za mahali popote. Kilichozipa uzito ni yule aliye nyuma ya simu, asiyeonekana, anayesema: tuko mahali fulani, leo ni tarehe fulani, tumelipa kodi, tazameni mabegi yetu barabarani. Ni tabia ileile ya kanda ya nyumbani. Watu walikwisha jifunza kuongea na kamera kwa miaka ishirini ya harusi na misiba.

Kwa hiyo inatusikitisha kuona kanda hizo zikioza katika masanduku ya viatu. Kanda ya sumaku haina subira, na mashine za kuichezea zimeacha kutengenezwa. HDV ina udhaifu wake pia: katika DV ya kawaida kila picha inajitegemea, lakini HDV hufunga picha kumi na mbili kwa pamoja, hivyo doa moja kwenye kanda hula karibu nusu sekunde nzima, sauti na picha. Kuhamisha kunafanyika kwa muda halisi, saa kwa saa, kupitia waya wa FireWire, na kompyuta za sasa hazina tundu lake. Tafuteni ya zamani yenye tundu hilo ikiwa bado inawaka. Saa moja ya kanda hujaza kama gigabaiti 13. Msiibane zaidi ya hapo, na msifute sauti ili kuweka muziki, kama tunavyoona vijana wanavyofanya kwa nia njema kabisa, wakidhani wanawapamba wazee wao.

Sisi tumekwisha hamisha kanda kumi na moja. Katika ya saba, dakika ya arobaini hivi, kamera imewekwa mezani bila kuzimwa, inaangalia ukuta. Hakuna kitu cha kuona. Nyuma yake wanawake wawili wa Kitanzania wanasaidiana kupiga hesabu ya kontena la futi 40 ambalo wamegawana watu tisa, na mmoja anasema ya yule wa Morogoro tusimwongezee, ana wagonjwa.