Magofu ya Pate na Kina cha -ye: Kuusoma Upya Utenzi wa Al-Inkishafi

Uhakiki wa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, umezoea kupita njia moja: kutoka kwenye beti hadi kwenye magofu ya Pate, kisha kurudi. Kuta zilizobomoka huchukuliwa kuwa ushahidi wa beti, na beti kuwa maelezo ya kuta. Makala haya yanadai kwamba mzunguko huo unaficha jambo la msingi: gofu la Al-Inkishafi limejengwa kwa sarufi kama lilivyojengwa kwa mawe.

Historia yenyewe haina ubishi. Pate, katika funguvisiwa la Lamu, ulikuwa mji wa mawe uliozungushiwa ukuta, makao ya masultani wa Kinabahani. Mapema katika karne ya 19, Wapate na washirika wao wa Mombasa walishindwa na Waamu katika vita vya Shela. Msomaji angetarajia basi utenzi kuhusu mji wa namna hiyo ujishughulishe na ukuta wake na adui aliyeushinda. Sivyo. Jicho la mshairi limo ndani ya nyumba: kwenye madaka yaliyokuwa na vyombo, kwenye kumbi zilizokuwa na watu, ambamo sasa wamo ndege na popo. Adui ni mauti, na ukuta haumzuii.

Hapa ndipo umbo linapohitaji kusikilizwa. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani 10. Mitatu ya kwanza hushirikiana kina, na wa nne hufunga kwa -ye, kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti. Katika lahaja za kaskazini, -ye ni pia mwisho wa vitenzi vingi vya hali timilifu ya kale, kama -fiye kutokana na -fa. Umbo hilo halitaji tendo tu, bali hali iliyobaki baada ya tendo kwisha. Ni kweli kwamba si kila -ye ya utenzi huu ni ya namna hiyo. Lakini katika beti za magofu umbo hilo hurejea mara kwa mara, na sikio hupokea uharibifu kama jambo lililokwisha kutulia.

Kiswahili sanifu huieleza hali hiyo kwa -me-. Maana hubaki, lakini alama yake huhama kutoka mwisho wa neno hadi ndani yake, na hivyo hutoka kwenye kina. Mwanafunzi anayefundishwa utenzi huu kwa ufafanuzi wa Kiswahili sanifu pekee hupata habari za magofu bila kuyasikia. Hasara hiyo si ya lahaja tu. Ni ya hoja ya shairi, kwa sababu moyo unaoonywa unatakiwa kuamini kwamba mwisho umeshafika.

Kusoma hivi hakuufuti mji. Kunatusaidia kutouchanganya na ubeti. Leo wakazi wa Pate hulima tumbaku katikati ya kuta hizo hizo. Utulivu wa -ye ni wa mshairi na onyo lake. Pate yenyewe bado ina watu.