Dohani Bapa ya Garratt: Moshi Uliotumikishwa Njia ya Miasenyi na Voi

Ejekta ya Giesl ni mfumo wa kutolea moshi uliobuniwa mwaka 1951 na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, kwa ajili ya injini za mvuke. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliufunga kwenye injini zake, zikiwemo injini za aina ya Garratt za daraja la 59 zilizovuta mizigo kutoka Mombasa kupitia Miasenyi na Voi hadi Nairobi. Hata kwenye picha ya zamani mfumo huo haujifichi: mahali pa dohani ya mviringo pana dohani nyembamba na bapa, kama ubao uliosimamishwa kwa ukingo wake.

Injini 34 za daraja hilo ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956, na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na tani 252, silinda nne, na boila yenye kipenyo cha karibu meta 2.3. Hazikuwahi kushindwa kwa ukubwa na injini yoyote ya mvuke ya reli ya geji ya mita. Kazi yake ilikuwa kupandisha treni ya tani 1,200 kwenye miinuko ya asilimia 1.5. Tangu usawa wa bahari hadi Voi reli hupanda zaidi ya meta 500, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni nyika ya Taru, nchi kavu ya miiba ambayo Miasenyi imo ndani yake. Tangi za Garratt zilibeba takriban lita 39,000 za maji, na mvuke ukishatumika hupotelea hewani. Kwa hiyo mvuke uliookolewa ulikuwa mafuta yaliyookolewa, na katika nchi hiyo maji pia, jambo ambalo mhasibu wa Nairobi huenda aliliona dogo lakini dereva aliyekuwa Taru hakuliona hivyo.

Injini ya mvuke haina feni ya kupuliza moto. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni huelekezwa kwenye chumba cha moshi kilichoko mbele ya boila, ukatokea kwa kasi kwenye mdomo mwembamba chini ya dohani. Ukiruka juu hukokota gesi za moto na kuzitoa nje, na pengo linaloachwa, likivuta kupitia mabomba ya boila, huingiza hewa mpya tanurini. Mzigo ukiongezeka, mvuke mwingi zaidi hutoka na moto huvutwa zaidi. Injini hujichochea yenyewe, na huo ni uzuri ambao feni isingeuleta kwa urahisi.

Gharama yake hulipwa na pistoni. Mdomo ukibanwa ili mvuke utoke kwa kasi, shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye silinda na kuipinga pistoni inaporudi. Pistoni ya daraja la 59 ilikuwa na kipenyo cha inchi 20.5, yaani eneo la inchi za mraba 330. Kila paundi moja ya shinikizo la nyuma kwa inchi ya mraba ilimaanisha karibu kilo 150 za kuzuia kwenye kila pistoni, na pistoni zilikuwa nne. Mdomo ukipanuliwa, pistoni hupumua, lakini moto hukosa hewa na dohani hutoa moshi mweusi. Mafundi wa zamani waliishi kati ya hasara hizo mbili.

Tatizo lenyewe lilikuwa katika kuchanganyika. Mvuke wa kasi unapoigonga gesi inayokwenda polepole, sehemu kubwa ya nguvu hupotea katika mshtuko huo. Aidha, mkondo mmoja mnene hugusana na gesi pembeni tu, hivyo huhitaji dohani ndefu ili mchanganyiko ukamilike. Garratt haikuwa na nafasi hiyo: boila ilikuwa nene mno hata dohani ikabaki kifupi tu juu yake, kwa kuwa madaraja na vituo viliweka kikomo cha kimo.

Giesl aligawa mkondo. Badala ya mdomo mmoja aliweka midomo midogo saba katika mstari, ikifuata urefu wa injini. Duara moja likigawanywa kuwa maduara saba yenye jumla ya eneo lilelile, mzingo wote huongezeka mara 2.6, na mvuke hupata mahali pengi zaidi pa kushikana na gesi. Dohani nayo ikabanwa ifuate mstari huo. Kwa tabia yake ni dohani saba nyembamba zilizounganishwa bila kuta kati yake. Kila moja ni ndefu ukilinganisha na upana wake, ingawa kimo hakijaongezeka hata inchi. Sehemu ya juu hupanuka taratibu, mchanganyiko ukapungua kasi na kasi hiyo kugeuka shinikizo la kusaidia kuvuta. Mvuto uleule ukapatikana kwa shinikizo dogo zaidi la nyuma.

Ufungaji ulidai usahihi. Mstari wa midomo ukipinda kidogo tu kutoka katikati ya dohani, mvuke hupiga ukuta mmoja na mvuto huanguka. Mlango wa chumba cha moshi ukivuja, hewa baridi huingia kwa njia ya mkato bila kupitia tanurini. Masizi ya mafuta mazito yaliyochomwa tanurini yaliziba mabomba ya boila, na mchochea moto alitupia mchanga tanurini ili mvuto huohuo uyakwangue.

Magari madogo ya rimoti yanayotumia mafuta ya nitro hutumikisha moshi kwa njia nyingine. Injini yake ya mipigo miwili haina vali, na ekzosi yake huundwa kwa koni mbili: ya kwanza hupanuka na kurudisha wimbi la kunyonya, ya pili hubana na kurudisha wimbi la kusukuma, likiyarudisha ndani mafuta mabichi kabla tundu la kutolea moshi halijafungwa. Hapa kupatana kwa wakati ndiko kila kitu. Kwa mizunguko 30,000 kwa dakika, tundu linalofunguka kwa nyuzi 170 hukaa wazi chini ya milisekunde moja. Wimbi likikadiriwa kwenda meta 520 kwa sekunde, husafiri karibu milimita 490 katika muda huo, kwenda na kurudi. Koni ya pili basi inatakiwa iwe milimita 245 hivi kutoka kwenye pistoni. Fundi akikata milimita chache, nguvu huhamia kwenye mizunguko ya juu zaidi. Akirefusha, gari huondoka kwa nguvu lakini huchoka mapema.

Garratt za daraja la 59 ziliondolewa kazini kati ya mwaka 1973 na 1980, dizeli zikachukua nafasi. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli jijini Nairobi. Kwenye reli mpya ya geji sanifu (SGR), yenye stesheni yake Miasenyi, dizeli za DF8B kutoka China huvuta makontena zikiwa na turbo: moshi huzungusha gurudumu la mapezi, nalo hushindilia hewa ndani ya silinda.