Kurudi si Kurudishiwa: Neno Moja la Kiingereza na Vitenzi Vyetu Vingi

Kila muhula tunaposahihisha mazoezi ya tafsiri hapa Kampala, tunakutana na neno moja la Kiingereza ambalo huwashinda wanafunzi wengi, na wakati mwingine hutushinda hata sisi walimu wao. Neno lenyewe ni "restoration". Mwanafunzi hufungua kamusi, huchukua kisawe cha kwanza anachokiona, kisha hukitumia toka mwanzo wa matini hadi mwisho. Matokeo yake ni kwamba ufalme, paa la nyasi, umeme uliokatika na msitu uliofyekwa, vyote "hurejeshwa". Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba tatizo hili si la msamiati tu. Maneno tunayo tele, na kila moja humtaka mfasiri aseme jambo ambalo Kiingereza kilimruhusu kulinyamazia.

Tuanze na vitenzi vyenyewe. Kurudisha ni kukipeleka kitu kilikotoka. Kurejesha ni ndugu yake wa karibu, ila aghalabu huzoeleka kwa hali kuliko kwa vitu: hurejeshwa amani, huduma ya maji, mawasiliano. Kukarabati ni kutengeneza kilichochakaa, nacho kiko palepale. Kujenga upya ni kuanza tena baada ya kubomoka. Wahenga walikwisha kuyatofautisha mawili haya waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kufufua huhitaji maiti, au kitu kilichohesabiwa kuwa kimekufa. Kuhuisha ni kutia nguvu mpya katika kitu ambacho bado kinapumua. Ama jina "marejesho", ambalo wanafunzi hulipenda kwa sababu linalingana na jina la Kiingereza, tayari lina kazi yake: ni fedha anazolipa mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Anayeandika "marejesho ya ufalme" humfanya msomaji aulize ufalme huo ulikopa kiasi gani.

Ili tusibaki katika orodha, tuchukue historia tunayoishi nayo hapa jirani. Mwaka 1966 jeshi la serikali kuu lilivamia kasri la Kabaka pale Mengo, na Mutesa II akakimbilia Uingereza. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote za Uganda. Mutesa II alifariki London mwaka 1969. Tangu hapo, mambo manne yametokea ambayo kwa Kiingereza yanaweza yote kuingia chini ya neno hilo moja.

La kwanza ni la mwaka 1971, mwili wa Mutesa II ulipoletwa nyumbani na kuzikwa Kasubi. Hapa kitenzi hakina utata: mwili ulirudishwa. Mwili ulirudi, lakini ufalme haukurudi, na atakayetumia neno moja kwa yote mawili atamfanya msomaji adhani kwamba Idi Amin aliurudisha ufalme. Hakuurudisha.

La pili ni la mwaka 1993. Katiba ilirekebishwa, sheria ikapitishwa ya kuwarudishia watawala wa jadi mali zao, na tarehe 31 Julai Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa Buddo. Wanafunzi wengi huandika "kurejeshwa kwa ufalme wa Buganda". Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini imeficha watu wawili: aliyerudisha na aliyerudishiwa. Aidha, imeficha kilichobaki nyuma. Katiba ya 1995, katika ibara ya 246, ilimkataza kiongozi wa jadi kushiriki siasa za vyama na kuwa na mamlaka ya utawala au ya kutunga sheria. Kwa hiyo cheo kilirudi, baadhi ya mali zikarudi, lakini madaraka aliyokuwa nayo Kabaka kabla ya 1966 hayakurudi.

Waganda wenyewe walikuwa na neno lao katika madai hayo: "ebyaffe", yaani vitu vyetu. Tazama jinsi Luganda kilivyolijenga dai juu ya umilikaji. Kiswahili kina chombo kinachofaa kabisa kulipokea dai hilo, nacho ni kauli ya kutendea: turudishiwe vyetu. Kiambishi hicho kidogo "-i-" ndicho kinachomweka mwenye mali ndani ya kitenzi. Jina "urejeshaji" humtoa nje. Ndiyo maana tunasema mfasiri anayekimbilia jina, kwa sababu tu Kiingereza kimetumia jina, hupoteza zaidi ya ladha.

La tatu ni nyumba. Makaburi ya Kasubi yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliteketea kwa moto, na mwaka huohuo ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Iliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2023. Je, nyumba hii ilikarabatiwa? Hasha. Kilichoungua hakikarabatiwi. Ilijengwa upya. Hata hivyo, hapa tunakiri kwamba suala ni gumu. Nyumba ya nyasi huezekwa tena na tena, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, ambao umerithishana ujuzi huo kizazi baada ya kizazi. Pete 52 za dari huwakilisha koo 52 za Buganda. Ikiwa nyasi ni mpya lakini mikono ni ya ukoo uleule na pete ni zilezile kwa idadi, basi nyumba ilijengwa upya na wakati huohuo ujuzi ulihuishwa. Mfasiri mzuri atahitaji vitenzi viwili, kimoja cha jengo na kimoja cha ujuzi.

La nne ni la mwaka 2024. Jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Cambridge lilileta Kampala vitu 39 vya jadi vilivyochukuliwa Uganda enzi za ukoloni. Taarifa nyingi zilisema "vimerudishwa". Lakini vilikuja kwa mkataba wa kuazimishwa, wa miaka mitatu, unaoweza kuongezwa. Linganisha na mwaka 1962, masalia ya Kibuka, mungu wa vita wa Waganda, yalipotoka Cambridge kurudi Uganda. Hayo yalirudishwa. Haya ya 2024 Uganda imeyaazima, ijapokuwa ni yake. Kiswahili hakituruhusu kuchanganya kuazima na kurudishiwa bila kuona haya, na hiyo ni sifa ya lugha yetu ambayo tunapaswa kuitumia.

Huenda mtu akapinga kwamba matini asilia yenyewe ina utata, na mfasiri hana ruhusa ya kuufafanua. Hoja hii ina uzito, hasa katika hati za sheria. Katika hali hiyo tumia kurejesha, neno pana kuliko mengine. Tunachokataa ni kulitumia kwa uvivu.

Mwisho, jambo linalotugusa sisi wenyewe. Tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005 na Baraza la Mawaziri lilipopitisha uamuzi wake mwaka 2022 kuhusu lugha rasmi, tumezoea kusikia mikutanoni kwamba tunataka "kurejesha Kiswahili" Uganda. Tuulizane: kukirejesha kutoka wapi, na kumrudishia nani? Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa II, ambaye naye amelala Kasubi, alipinga kwa maandishi mpango wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya watu wake. Baadaye wazee wengi walikijua kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Ukimwambia mzee wa namna hiyo kwamba unakirejesha, atakumbuka alichokiona. Mwambie unakifundisha, au unakieneza. Vitenzi hivyo vinasema tunachokifanya kweli, na vinamwachia nafasi ya kukubali au kukataa.

Tunawaomba wanafunzi wa tafsiri wajiulize maswali matatu kabla ya kuandika kisawe: nini kimerudi, kwa nani, na je, ni kilekile? Walimu wenzetu wenye mifano kutoka Rwanda, Burundi na Kongo tunawakaribisha watuandikie kwa toleo lijalo.