Kiatu cha Chale: je, filamu hii ni bubu?

Mwaka wa 1984, ule wa ukame na mahindi ya manjano, gari la sinema lilifika sokoni Masimba, kule Nyaribari Masaba. Giza lilipoingia shuka jeupe likatundikwa, watoto tukaketi mbele nyasini, na mtangazaji akashika kipaza sauti. Filamu ilikuwa The Gold Rush ya Charlie Chaplin, iliyotoka mwaka wa 1925. Jina hilo sisi hatukulijua. Tulijua tu kwamba Chale amekuja.

Chale limo kamusini. Mbali na zile chale za kuchanjwa mwilini, ni mtu wa kuchekesha, damisi, na wengi tunalinasibisha na Charlie huyuhuyu. Sina ugomvi na kamusi, ila maana hiyo inampunja jamaa. Chukua tukio la kiatu. Chale na Big Jim wamekwama kibandani. Nje ni theluji, ndani hamna hata punje. Basi Chale anachemsha kiatu chake. Anakipakua kwa madaha ya mpishi wa hoteli kubwa, anazungusha kamba kwenye uma kama tambi, na misumari anainyonya kama mifupa ya kuku. Tulicheka hadi machozi. Nyanya mmoja aliyekuwa kando yangu hakucheka. Alisema kwa Ekegusii, polepole, kwamba mtu huyu amewahi kulala njaa. Hakukosea: Chaplin alikulia katika ufukara jijini London, na utotoni aliwahi kupelekwa kwenye makao ya maskini.

Ubora wa filamu hii, kwangu mimi, unaonekana baada ya mlo ule. Mguu wa Chale unabaki umefungwa matambara, naye anaingia nao hadi ukumbi wa dansi, mbele ya Georgia anayempenda. Mchekeshaji mwingine angevaa kiatu kipya onyesho linalofuata, na nani angeuliza? Chaplin hataki tusahau kilicholiwa.

Ndiyo maana istilahi "filamu bubu" inanikera. Bubu ni asiyeweza kusema, ilhali Chaplin aliendelea kutengeneza filamu zisizo na mazungumzo hata baada ya sauti kuenea Marekani. Alichagua. Heri tuseme "filamu kimya".

Hata yeye, lakini, aliteleza. Mwaka wa 1942 aliitoa upya The Gold Rush, akaondoa maandishi ya skrini na kutia sauti yake mwenyewe ikisimulia. Nimeitazama, na naona aliiharibu: anatueleza tunachokiona kwa macho yetu. Mtangazaji wetu wa Masimba naye alipayuka tangu mwanzo, eti "Ataanguka huyo! Si niliwaambia?" Ila kiatu kilipotua mezani alishusha kipaza sauti, na kando na vicheko vyetu ikabaki kusikika jenereta tu.