Jikoni mwa Lyon: Maoni Juu ya Utafiti wa Pierre Mayol na Luce Giard

Mwaka 1980 vilitolewa nchini Ufaransa vitabu viwili vyenye jina moja, L'Invention du quotidien, yaani ubunifu wa maisha ya kila siku. Cha kwanza kiliandikwa na Michel de Certeau, padre wa Kijesuiti na mwanachuoni wa historia, aliyefariki mwaka 1986. Cha pili, ambacho ndicho tunachokusudia kukihakiki hapa, kiliandikwa na wenziwe wawili, Pierre Mayol na Luce Giard. Mayol alichunguza maisha ya jamaa moja ya mtaa wa Croix-Rousse mjini Lyon. Giard alichunguza upishi. Msomaji aweza kuuliza: mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na masufuria ya Wafaransa? Tunamwomba avute subira kidogo.

Croix-Rousse ni kilima cha wafumaji wa hariri, watu maskini walioasi mwaka 1831 na tena mwaka 1834 kwa ajili ya ujira wao. Mayol hakwenda huko kutafuta mashujaa. Alitazama jinsi watu wanavyoamkiana njiani, jinsi wanavyonunua vitu katika duka la mtaani, na jinsi kila mmoja anavyojichunga asije akasemwa na jirani. Sura yake juu ya mkate na divai ni miongoni mwa sura bora za kitabu. Aeleza kwamba mkate hautupwi ovyo, kwa sababu ndani yake mna kumbukumbu ya taabu za wazee waliotangulia. Divai nayo huleta furaha mezani, lakini sharti inywewe kwa kiasi. Mtu aliyelelewa na bibi anayeokota punje ya mchele iliyoanguka mkekani hahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Giard aanza kwa kujisema mwenyewe. Alipokuwa mtoto alikataa kujifunza kupika kwa mama yake, kwa kuwa kaka yake hakuitwa jikoni hata siku moja. Alidhani kwa hiyo kwamba hajui kitu. Alipofika umri wa miaka ishirini hivi, akawa na jiko lake dogo, aligundua kwamba macho yake na pua yake vilikuwa vimehifadhi mengi bila ya yeye kutaka. Kutoka hapo ajenga hoja yake: upishi wa kila siku ni kazi ya akili. Mpishi hukumbuka, hukadiria, hupanga saa, hujua nani mezani hapendi nini, na chakula kikipungua hubuni kingine. Kazi hiyo haionekani kwa sababu huliwa ikaisha, na kesho huanza upya.

Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1979, Pierre Bourdieu alikuwa ametoa kitabu chake mashuhuri La Distinction, akionyesha kwamba ladha ya mtu hufuata tabaka lake: mfanyakazi hupenda chakula kingi kinachoshibisha, tajiri hupenda kidogo kilichopambwa. Giard hapuuzi hoja hiyo, ila aona kwamba humwachia mpishi nafasi finyu mno. Hapo tunakubaliana naye. Tabaka laweza kueleza kilichomo chunguni. Haliwezi kueleza peke yake jinsi mama mmoja anavyokipika tofauti na jirani yake mwenye mshahara uleule.

Hata hivyo tuna lawama moja. Wale waliohojiwa juu ya upishi ni wanawake watupu. Mwandishi ajitetea kwa kusema kwamba hali hiyo yatokana na desturi za Ufaransa, wala si maumbile ya mwanamke. Ni kweli. Lakini ikiwa swali ni kwa nini kazi hii haionekani, basi wasioiona nao walistahili kuulizwa. Yule kaka asiyeitwa jikoni hakupewa nafasi ya kusema alikuwa wapi.

Jambo jingine si kosa la waandishi, bali limeletwa na wakati. Mwaka 1998 UNESCO iliingiza eneo la kihistoria la Lyon, pamoja na miteremko ya Croix-Rousse, katika orodha ya urithi wa dunia. Na mwaka 2010 mlo wa sherehe wa Wafaransa nao ukaorodheshwa. Vichochoro vya wafuma hariri sasa hupitwa na watalii. Dean MacCannell alikuwa ameandika mwaka 1976, katika kitabu chake The Tourist, kwamba mtalii hutamani kuona maisha ya kweli yaliyo nyuma ya pazia, na kwamba wenyeji humtengenezea "nyuma" nyingine ya kuonyeshwa. Kwa hiyo mgeni huondoka na picha ya sahani. Giard aliingia jikoni kwa njia nyingine: aliyategea sikio maneno ya mwenye jiko.

Sasa twafika kwetu. Giard ayagawa maneno ya upishi katika mafungu manne: vitu vya kupikia chakula, vyombo, vitendo, na majina ya vyakula vilivyokwisha kupikwa. Tukifungua vitabu vyetu vya mazoezi tutaona kwamba tunafundisha vyombo na majina: hii ni sahani, kile ni kijiko, naomba chai. Fungu la vitendo tumelifupisha kuwa "kupika". Ziko wapi kuteleka, kuepua, kuunga, kukoleza, kusonga, kutokosa, kupakua? Tunamfundisha mwanafunzi Kiswahili cha mtalii katika nchi yake mwenyewe.

Tuliwahi kuwaagiza wanafunzi wetu waeleze jinsi ya kupika sombe, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kisamvu. Wengi waliandika mstari mmoja: majani hutwangwa, hupikwa, huliwa. Kosa lilikuwa letu. Tukawatuma nyumbani wakaulize. Walirudi na kurasa nzima: kwa nini majani hutwangwa hadi yalainike, kwa nini huchemshwa muda mrefu ili sumu iliyomo itoke, mawese hutiwa wakati gani, na maneno kadhaa ambayo sisi walimu hatukuwa nayo. Mvulana mmoja alisimulia kwamba mama yake alimwuliza kwanza amefanya kosa gani shuleni hata akapewa adhabu hiyo.

Swali la mama huyo latukumbusha yule kaka wa Giard. Twapendekeza kitabu hiki kwa kila mwalimu asomaye Kifaransa. Asikisome ili apate kuijua Ufaransa tu, bali ajifunze namna ya kuuliza. Hatuna budi kuwatuma wanafunzi wetu jikoni, wavulana na wasichana pamoja, wakiwa na daftari, wakayapokee maneno hayo kwa wenyewe wangali hai.