Mashine Ilipokwama Garsen

Mliokuwepo Garsen siku ile ya maonyesho ya kulisha mbuzi maganda ya mathenge, ule mti wa miiba, mtakubali kwamba kazi ilianza vizuri. Maganda yalichaguliwa, yenye ukungu yakatupwa, mizani ikatumika, chumvi ikatiwa kwa kipimo. Hapo sina neno.

Kisha mashine ya kusaga ikakwama. Sukari ya maganda ilinata kwenye chujio, nyundo zikazunguka bila kutoa unga, fundi akazima injini. Dakika chache baadaye gunia likafunguliwa, maganda mazima yakamwagwa horini, na vitoto vya mbuzi vilivyoachishwa kunyonya juzijuzi vikaachiwa vijilie. Tukaambiwa tutazame wanavyoyapenda. Lilikuwa kosa, na lilifanywa mbele ya wafugaji waliofuata kujifunza kusaga.

Kwamba mbuzi hupenda mathenge, nani Tana River asiyejua? Nyama ya ganda ni tamu, na kiangazi kikikaza wanayaokota wenyewe chini ya miti. Lakini mbegu ya mathenge ina protini nyingi, nayo imevikwa gamba gumu ambalo meno ya mbuzi hayalimudu. Mbuzi anapata sukari, anaiacha protini ya mbegu. Ile mbegu inapita tumboni, gamba linalainika, inatoka na samadi ikiwa tayari kuota. Sasa fuateni njia ya mbuzi wa Garsen jioni: malishoni, kwenye malka (njia ya mifugo kushukia mtoni), mtoni, zizini. Kila kituo kinapandwa mathenge pamoja na mbolea yake. Katika delta hii ya Tana, ambako ugomvi wa malisho na mashamba umeua watu, kama mwaka 2012, malka iliyozibwa na miiba ni jambo zito. Nyundo za mashine zinavunja mbegu, nayo haioti tena. Hiyo ndiyo sababu ya kusaga, na ndiyo iliyosahauliwa injini ilipozimwa.

Na dawa ya mashine iliyokwama ilikuwa pale pale juu ya vichwa vyetu: jua. Maganda ya mathenge hunyonya unyevu upesi, na hewa ya delta ina unyevu mwingi. Yanaanikwa mpaka yavunjike kwa mlio, yanasagwa mchana yangali na joto la jua. Ilitosha kusafisha chujio, kuyarudisha maganda juani na kuwaomba watu wasubiri. Hata kuahirisha mpaka kesho kungekuwa somo, kwa sababu mfugaji atakwama vivyo hivyo akiwa peke yake.

Kuna pia suala la afya. Wafugaji wa Baringo walilalamika miaka mingi kwamba maganda yanaozesha fizi na kung'oa meno ya mbuzi, hata wakaishtaki serikali katika Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2006, na mbuzi kibogoyo akaletwa awe kielelezo. Brazili, mifugo iliyolishwa maganda haya kwa wingi na kwa muda mrefu ilipinda taya na kulegea ulimi; chanzo ni alkaloidi zinazoharibu seli za neva zinazoendesha misuli ya kutafuna. Kusaga hakuondoi sumu hiyo. Kinachomlinda mnyama ni kipimo, na unga unapimika, unachanganyika na pumba au nyasi zilizokatwa. Maganda mazima yaliyomwagwa horini, nani anajua kitoto kipi kilikula ngapi? Mizani iliyotumika asubuhi ikawa kazi bure.

Kipimo kipo. Watafiti wa Kenya waliwajaribu mbuzi wa aina ya Galla walioachishwa kunyonya kwa viwango mbalimbali vya unga wa mathenge, na gramu 200 kwa siku ziliwanenepesha kuliko kiwango cha juu zaidi.

Uzembe huu si mpya: nimeandika kuhusu mathenge ya Bura mara nyingi na nitaandika tena. Mti huu uliletwa Bamburi mwaka 1973 kufufua machimbo ya mawe, ukaja Bura na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kukinga upepo, na mfugaji wa kawaida hakuonyeshwa namna ya kuutawala. Mafuriko ya mto yakaeneza mbegu, mifugo ikaeneza zaidi, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Waliouleta walikuwa na elimu ya kutosha kujua kwamba mifugo ingezisambaza mbegu. Ndiyo maana napandwa na hasira ninapomwona mtaalamu wa leo akirudia uzembe uleule mbele ya watoto wa waathiriwa.

Wazee wa Kiorma walifanya vizuri zaidi bila injini. Walipukutisha maganda ya mgunga kwa upembo, wakayakusanya, wakawapa kwanza mbuzi wanaokamuliwa na vitoto, kidogo kidogo, wakijua akiba lazima ifike mvua. Mgunga ni mti wa hapa, mbegu yake haizibi malka. Nidhamu ile ya kugawa ndiyo ninayoitaka kwenye mathenge.

Waandaaji wanasema watarudi Garsen kabla ya kiangazi kijacho. Warudi, tunawahitaji. Waanike maganda siku za kutosha, waje na chujio la akiba, na mashine ikigoma tena, magunia yabaki yamefungwa.